Historia ya Magari ya Mabua na Waya katika Nyanda za Juu Kusini

Barabara itokayo Iringa kwenda Mbeya, ambayo hupita katika baridi ya Mafinga, ikafika Makambako penye njia panda ya Njombe na Songea, ikateremka Igawa na Chimala pembezoni mwa bonde la Usangu, kisha ikainuka tena kuelekea Uyole, imeandikiwa mengi na maofisa, wahandisi na wanasiasa, na majalada yao yamewekwa mahali salama. Lakini barabara hiyo ina wanahistoria wengine ambao hawakuajiriwa na mtu wala hawakupewa karatasi na wino; nao ni watoto wa vijiji vya kando yake, ambao tangu magari ya kwanza yalipotimua vumbi mbele ya macho yao hawakuacha kuyaunda upya, kwa udongo, mabua, waya, makopo na mpira, kila kizazi kwa vifaa vya zama zake. Atakaye kujua ni gari gani lililotawala barabara hii katika miaka fulani, na ni sehemu gani ya gari hilo iliyowastaajabisha watu, angepata jibu la kweli katika mikono ya watoto hao, lau kazi zao zingehifadhiwa.

Azma yangu ni kusimulia historia ya magari hayo madogo, na kuyaweka katika cheo yanachostahili pamoja na ndugu zao wa mbali, yaani magari ya plastiki ya Ulaya, Marekani na Japani, ambayo huuzwa vipande vipande ndani ya sanduku, yakaunganishwa kwa gundi, na pengine yakatiwa mota ili yakimbie katika njia yenye mfuo na umeme. Watu wengi wakiyatazama makundi haya mawili huona tofauti ya utajiri na ufukara. Mimi naona elimu moja iliyosomwa katika madarasa mawili, na naamini kwamba darasa la kwetu halikuwa dogo kuliko la wenzetu.

Kabla ya gari palikuwa na ng'ombe. Watoto wa wafugaji wa Usangu, kama watoto wa wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, walifinyanga makundi ya ng'ombe kwa udongo wa kando ya mito, wakawatia pembe na nundu, wakawajengea mazizi ya vijiti. Kwa hiyo sanaa ya kukiiga kitu kikubwa kwa umbo dogo haikuletwa na gari. Gari liliikuta sanaa hiyo ikiwa hai, nayo ikalipokea kama ilivyozoea kupokea kila jambo lenye uzito katika maisha ya watu.

Gari lenyewe liliingia Tanganyika katika zama za Wadachi, yaani Wajerumani. Tarehe 10 Agosti 1907 Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund, katika pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909, baada ya safari ndefu ya mashaka iliyolifanya gari lake kuwa la kwanza kuvuka bara la Afrika kutoka bahari hadi bahari. Nyanda za Juu Kusini wakati huo zilikuwa bado ni nchi ya miguu na vichwa vya wapagazi. Ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe pale Kalenga ilikuwa imeanguka mwaka 1894, boma la Wadachi lilikuwa limesimama Iringa, na mizigo yote ya dola ilipanda milimani mabegani mwa binadamu. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndipo magari yalipozidi. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipokuwa ikiwavuta watafutaji wa kila jinsi, na njia ya udongo iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini ikawa kiungo baina ya Rhodesia ya Kaskazini na Kenya, ikipita Tunduma, Mbeya, Iringa na Dodoma. Kwa kuwa reli haikufika huku, shirika la reli liliendesha malori na mabasi yake katika nyanda hizi, na watu wakayaita mabasi ya Relwe. Katika nchi ambayo treni ilikuwa ni habari tu, basi la Relwe lilikuwa ndilo barua, soko, hospitali na kuagana. Basi si ajabu likawa kielelezo cha kwanza cha mafundi wadogo.

Kifaa chao cha awali kilikuwa bua. Mahindi ya nyanda hizi hupandwa mvua zinapoanza, mnamo Novemba na Desemba, na huvunwa kipupwe kinapoingia. Na mara baada ya mavuno mashamba hubaki na mabua makavu yasiyo na mwenyewe. Fundi mdogo huchagua bua nene lililonyooka, akaliambua ganda lake gumu kwa meno au kwa wembe, akabaki na vitu viwili vyenye tabia mbalimbali: moyo laini mweupe, mwepesi na rahisi kukatwa, na vipande vya ganda vyembamba na vikali mithili ya sindano. Moyo huwa bodi, mataruma na magurudumu. Ganda huwa misumari. Kipande cha ganda huchomwa katikati ya vipande viwili vya moyo na kuvishika imara bila gundi wala kamba, na ganda refu likipitishwa kati ya magurudumu mawili huwa mhimili unaozunguka. Ni hikima kubwa kwamba mmea mmoja umetoa mbao na misumari yake, na kwamba mtoto wa miaka saba ameligundua jambo hilo kwa kuwatazama kaka zake. Ila maisha ya gari la bua yalikuwa mafupi: mvua za kwanza zikinyesha lilivimba na kuoza, na kazi ikaanza upya msimu wa pili, jambo lililomlazimu kila mtoto kuwa fundi, kwa kuwa hapakuwa na gari la kurithi.

Mahali pengine magurudumu yalikatwa katika viazi mviringo ambavyo nchi hii ya baridi haijapata kuvikosa, au yalikuwa vifuniko vya makopo na vipande vya mti vilivyochongwa duara kwa subira. Hapo ndipo mafundi walipokutana na sheria ya kwanza ya uhandisi, kwamba gurudumu lisilotobolewa katikati yake kamili huyumba, na gari zima likayumba nalo. Na sheria ya pili, kwamba magurudumu ya mhimili mmoja yasipolingana, gari halitakwenda sawa hata likisukumwa kwa unyofu wa namna gani. Hakuna mwalimu aliyewaambia hayo. Barabara ya vumbi ya mchezo wao iliwaambia.

Tuwaache hapo kwa muda, tutazame yaliyokuwa yakifanyika kwa wenzao ng'ambo. Kampuni ya Lionel ya Marekani ilikuwa imeuza magari madogo ya umeme ya kushindana tangu mwaka 1912, lakini mchezo huo ulififia upesi, na uliamka kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwingereza Fred Francis, mwenye kampuni ya Minimodels, alikuwa akiunda magari ya bati ya kujazwa ufunguo. Akayatia mota ya umeme, akayapitisha katika njia yenye mfuo, na mwezi wa Januari 1957 akayaonyesha katika maonyesho ya wachuuzi wa vitu vya michezo pale Harrogate kwa jina la Scalextric. Mwaka uliofuata kampuni yake ilinunuliwa na Lines Brothers, na kuanzia mwaka 1960 bodi za bati zikaachia nafasi bodi za plastiki. Kadhalika, katika miaka hiyo hiyo sanaa ya vipande vya plastiki vya kuunganisha ilikuwa ikikua: kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa mwaka 1949 trekta dogo la Ferguson, lililokusudiwa kwanza liwe tangazo mikononi mwa wauzaji wa matrekta, na baadaye likauzwa madukani likiwa vipande ili mnunuzi aliunge mwenyewe.

Haikuchukua muda mrefu sanaa hizo mbili zikaoana. Gari la kuunga kwa gundi liliumbwa likae juu ya rafu na kutazamwa. Lina injini yenye nyaya zake, viti, sakafu na mabomba ya moshi, lakini haliendi popote. Anayetaka likimbie katika mfuo hana budi kulibadili kwa ndani na kulihifadhi kwa nje. Huanza kwa kuchagua kipimo, kwa kuwa njia nyingi za nyumbani zimefanywa kwa magari ya sehemu 1 kwa 32, ambapo gari la kweli la mita 4 huwa na urefu wa sentimita 12 na nusu, na wengine hupenda 1 kwa 24, ambacho ndicho kipimo cha seti nyingi za plastiki. Kisha huitupa injini na sakafu. Huunda chesesi mpya kwa shaba nyeupe iliyolehemiwa au kwa plastiki ngumu. Huipandisha mota nyuma au katikati, na kuunganisha jino dogo la mota na jino kubwa la mhimili. Mbele hutia ulimi wa plastiki unaozama katika mfuo, na kila upande wa ulimi huo kishungi cha nyuzi za shaba kinachogusa tepe za chuma za njia ili kunyonya umeme, ambao kwa kawaida ni wa volti 12 au zaidi kidogo. Mchezaji hushika mkononi kidhibiti cha kuongeza na kupunguza nguvu, na gari likaenda.

Ugumu wote umo katika mizani. Plastiki ya seti ni nene, na uzito ukiwa juu, gari huinuka katika kona na ulimi ukatoka mfuoni. Kwa hiyo fundi hupunguza bodi kwa ndani kwa msasa, huondoa viti vizito na kuweka mahali pake sahani nyembamba yenye kichwa cha dereva tu, na akiona gari limekuwa jepesi kupita kiasi huongeza risasi chini kabisa, karibu na njia. Magurudumu ya mbele huyaacha yaguse kidogo mno, ili ulimi uzame hadi mwisho wake. Matairi huyazungusha juu ya msasa mpaka yawe duara kamili. Msomaji atambue kwamba hayo ni yale yale aliyoyajua mtoto wa Chimala kwa gurudumu la kiazi: duara, mhimili, uzito na unyofu. Aliyenunua sanduku alipewa vipande vyenye namba na karatasi ya maelezo. Asiye na sanduku alilazimika kwanza kuvitambua vipande hivyo katika vitu visivyofanana navyo hata kidogo, na huo mwanzo ndio mgumu kuliko yote.

Turudi barabarani, maana tarehe 11 Novemba 1965 jambo lilitokea mbali na Mbeya ambalo liliigeuza Mbeya. Ian Smith na serikali yake ya walowezi walijitangazia uhuru wao Rhodesia ya Kusini, na Zambia, ambayo mafuta yake na shaba yake vilipita katika reli za kusini, ikajikuta imezingirwa. Njia mojawapo iliyobaki ilikuwa ya Dar es Salaam. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, zikishirikiana na Waitaliano, ziliunda kampuni ya uchukuzi wa barabara baina ya nchi hizi mbili, na malori makubwa ya Fiat yakaanza kupanda milima, mafuta kwenda Zambia na shaba kurudi pwani, juu ya njia ya udongo ambayo haikujengwa kwa uzito wa namna ile. Kiangazi vumbi lilificha mkono wa mtu aliyeunyosha mbele yake. Masika utelezi uliyapeleka malori mitaroni, na mteremko wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ukawa jina la kutisha katika midomo ya madereva. Kwa Kiingereza njia hiyo iliitwa Mbio za Jehanamu.

Malori hayo yaliufunga ukurasa wa bua na kuufungua ukurasa wa waya. Sababu yake ilikuwa ya sanaa: lori lenye tela, lenye kichwa kikubwa na mhimili zaidi ya mmoja nyuma, halielezeki kwa moyo wa bua, kwa kuwa uzuri wake umo katika mifupa yake. Waya nao ulipatikana, ule wa seng'enge, ule uliofunga mizigo, na njiti za baiskeli zilizovunjika. Fundi wa waya huchora lori hewani kwa mstari mmoja mrefu: huanza na chesesi, akapandisha nguzo za kichwa, akazungusha dirisha, akateremka kwenye bampa, na kila viungo viwili vinapokutana huvikaza kwa ukanda mwembamba wa mpira wa tyubu. Magurudumu ya mbele huyafunga katika mhimili unaogeuka, na kutoka katika mhimili huo huinua fimbo au waya mrefu unaofika kifuani mwake, wenye usukani wa duara juu. Anapokimbia nyuma ya lori lake, mkono wake ukigeuka kidogo magurudumu hugeuka kwa kiasi kile kile. Na mlio wa gia anautoa mwenyewe kwa kinywa, akipunguza sauti kila mlima unapokuwa mkali, maana amesikia kwa masikio yake jinsi Fiat iliyobeba mafuta inavyopanda.

Hapa ndipo ninapoona ubora ambao magari ya mfuo hayakuupata. Gari la mfuo limesamehewa kazi ya kugeuka. Ulimi na mfuo hulielekeza, na mchezaji hupima mwendo peke yake. Mtoto wa Makambako hakuwa na mfuo wa kumwongoza. Ilimpasa aunde usukani unaotii, na kuunda usukani unaotii ni kuelewa kwamba magurudumu mawili ya mbele ni lazima yageuke pamoja, kwamba mhimili usiposhikwa katikati utakwenda upande, na kwamba kiungo kikikazwa mno hakigeuki, kikilegea mno hakirudi. Wapo mafundi waliokwenda mbali zaidi wakatia springi za waya uliokunjwa, ili lori liiname upande mmoja lipitapo juu ya jiwe kama linavyoinama la kweli.

Miaka iliyofuata ilileta mambo kwa kasi. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa takriban kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, nayo mapipa yakapungua barabarani. Barabara yenyewe ilijengwa upya kwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa misaada na mikopo ya nje ambayo Marekani ilikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Mwaka 1970 Wachina walianza kujenga pamoja nasi reli ya Uhuru, TAZARA, kilomita 1,860, wakaipasua milima kati ya Mlimba na Makambako, sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote. Njia za chuma zikakamilika mwaka 1975, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa rasmi. Magreda, matingatinga na treni vikaingia katika orodha ya vitu vya kuigwa, na makopo ya samaki yaliyofungwa mkia kwa kichwa yakawa mabehewa.

Katika zama hizo hizo taifa lilikuwa likijiuliza elimu ni nini. Mwezi wa Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule zinazomtenga mtoto na kazi za jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo katika vitabu. Shule zikapata mashamba, karakana na kazi za mikono. Walakini, kwa kadiri nijuavyo, ni walimu wachache waliotazama nje ya dirisha na kuona kwamba kujitegemea kulikuwa kumeshaanza uwanjani. Mara nyingi lori la waya liliwekwa nje ya mlango wa darasa kama kitu cha upuuzi, na mwenyewe akaingia ndani kujifunza habari za duara na kipenyo kwa chaki, ilhali duara lililompa tabu na kumfundisha lilikuwa likimngoja nje.

Ukata wa mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei za mafuta, ulizifanya rafu za maduka kuwa tupu, na kitu cha mchezo cha kununuliwa kilikuwa ndoto hata kwa mtoto wa mtumishi wa serikali. Sanaa yetu haikuathirika, kwa kuwa haikuwahi kutegemea duka. Ila ilipata kifaa kipya kilichoibadili kabisa, nacho ni lapa lililokatika. Mpira wa malapa ni mwepesi, una mnepo, hukatika kwa wembe, na hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto bila kupasuka. Gurudumu lake halipigi kelele, halikwami katika mchanga, na linashika barabara. Wakati huo huo misitu ya misonobari ya Sao Hill, karibu na Mafinga, ilikuwa ikipanuka, na mabanzi na masalio ya mbao yakawapa mafundi bodi imara. Basi likazaliwa lori la mbao lenye matairi ya malapa, zito kuliko la waya, lenye uwezo wa kubeba mchanga wa kweli, na mara nyingi likipakwa rangi na kuandikwa jina kifuani kama yalivyoandikwa malori makubwa. Yalipotokea malori ya Scania yaliyounganishwa Kibaha, pua zao zilionekana katika mbao za Mafinga.

Ni wajibu pia kutaja mahali ambapo barabara za Afrika Mashariki zenyewe ziliingia katika sanduku la plastiki. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na vumbi na tope lake vikajulikana dunia nzima. Bert Shankland, aliyekuwa mkaazi wa Dar es Salaam, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo Watanzania walilijua kama teksi na gari la familia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda kwa gari la jina lile lile. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imelitia gari la mwaka 1971 katika seti ya plastiki ya kipimo cha 1 kwa 24, pamoja na maandishi yake ya kubandika. Na mtu aliye Osaka au Manchester anapoliunganisha, iwe kwa rafu au kwa mfuo, hulipaka rangi ya udongo wetu chini ya milango ili lipate ukweli. Nafurahi kwa hilo, na papo hapo nasikitika kwamba udongo wetu umehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa huko, na magari yaliyoundwa na watoto wetu juu ya udongo huo huo hayakupata hata kabati moja.

Hatua ya mwisho ya historia hii ni ya umeme. Redio za kaseti zilipoenea na kisha kuharibika, mafundi wadogo walikuta ndani yake mota ndogo iliyo hai. Mota hiyo, betri mbili za tochi, ukanda wa raba kutoka mota hadi mhimili, na nyaya mbili ndefu zinazofika mkononi penye swichi ya kubana kwa vidole, vililifanya gari la bati au la boksi lijiendeshe lenyewe. Hapo safari mbili zilizoanza mbali zikakutana, kwa kuwa nyaya mbili zinazoburutwa nyuma ya gari la Mwanjelwa, jijini Mbeya, hufanya kazi ile ile ya tepe mbili za chuma kando ya mfuo wa Scalextric. Na fundi akikuta mota inazunguka kwa kasi lakini gari halina nguvu ya kuanza, hana budi kuuliza swali la uwiano wa puli ndogo na kubwa, ambalo mwenzake wa ng'ambo hulijibu kwa kuhesabu meno ya gia.

Leo magari ya plastiki kutoka China yanauzwa kwa bei nafuu sokoni Mwanjelwa na katika mitaa ya Iringa mjini, na mzazi anayemnunulia mwanawe hafanyi kosa. Lakini gari lililonunuliwa likivunjika hutupwa, kwa sababu aliyelipokea hakuwahi kujua lilivyoungwa. Lililoundwa likivunjika hutengenezwa, na mara nyingi hurudi likiwa bora kuliko mwanzo. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, ambacho hufundisha uhandisi wa mitambo kwa vijana wa nchi nzima. Katika madarasa yake wamo, bila shaka, waliogundua kwa lapa na waya kwamba mhimili usio sawa huliyumbisha gari. Ni haki yao waambiwe kwamba siku ile ndipo masomo yao yalipoanza.

Kwa hiyo nina maombi mawili, nayo ni ya kutekelezeka. La kwanza, Makumbusho ya Boma la Iringa, yaliyomo katika jengo la zama za Wadachi, yapokee na kuyahifadhi magari haya madogo, kila moja likiandikwa kijiji chake, mwaka wake, kifaa chake na gari kubwa lililoigwa, maana la bua haliwezi kungoja na la waya hushika kutu. La pili, walimu wa shule za msingi za Iringa, Njombe na Mbeya wayaingize magari hayo darasani, wayaweke juu ya meza, na wafundishe kwayo duara, uwiano, mizani na nguvu, wakimpa aliyeyaunda nafasi ya kueleza kwanza. Mataifa yaliyoandika namba juu ya vipande vya plastiki yaliheshimu michezo ya watoto wao kiasi cha kuifanya kuwa tasnia na kumbukumbu; na sisi ambao watoto wetu walivitambua vipande visivyo na namba tunao wajibu mkubwa zaidi wa kuwaheshimu, kwa kuwa walichotuonyesha kwa vizazi vitatu au vinne kando ya barabara hii ni akili ya uhandisi katika hali yake ya asili, na taifa linalotafuta mafundi halina ruhusa ya kuipuuza.